Barua kwa Zuhura, kabla hujajaza fomu

London, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na mama mpe shikamoo yangu. Barua yako imefika. Unauliza: uache kazi ya unesi uje huku usomee tiba ya saikodinamiki ya watoto na vijana, yaani ile ya kutafuta yaliyojificha moyoni mwa mtoto kwa maneno yake, mchezo wake na uhusiano wake na mtaalamu, au ubaki ulipo? Kwa neno moja sitaweza kukujibu. Acha nikueleze mafunzo yenyewe yalivyo, hasa ile sehemu ambayo matangazo huipitia juu juu.

Ukifika hupewi mgonjwa. Unatafutiwa mtoto mchanga, umtazame. Kila wiki unakwenda kwao, unakaa saa moja, tangu akiwa kichanga hadi atimize miaka miwili. Kalamu huchukui, ushauri hutoi, wala humwonyeshi mama namna ya kumcheulisha. Ukirudi kwako ndipo unaandika kila kitu: macho yaligeukia wapi, vidole vilikamata nini mama alipotoka chumbani, na wewe mwenyewe moyoni ulikuwaje. Kisha unayasoma hayo mbele ya mwalimu na wenzako wachache. Utaratibu huu aliuanzisha mtaalamu wa tiba ya watoto, Esther Bick, mwaka 1948 katika kliniki ya Tavistock, hapa hapa London, kwenye mafunzo aliyoyaendesha kwa kuungwa mkono na John Bowlby, daktari wa akili aliyechunguza jinsi mtoto anavyoshikamana na mzazi wake.

Sasa fikiria mimi na wewe, tuliokuzwa kwamba ukiingia nyumba ya mzazi unajifunga kanga kiunoni na kuuliza vyombo viko wapi. Kukaa tu, mtoto analia, mama kachoka! Nilijiona sina adabu. Lakini Zuhura, hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba haraka ya kumnyamazisha mtoto mara nyingi ni ya mkubwa, asiyeweza kuvumilia kilio. Wodini tunafanya vivyo hivyo. Kijana anasema neno moja la huzuni, sisi tumeshamimina nasaha kumi.

Baadaye ndiyo unaingia kwenye chumba cha tiba. Mazoezi ya kliniki ni miaka minne. Katika muda huo lazima uwahudumie kwa kina angalau mtoto mdogo mmoja wa chini ya miaka mitano, mmoja wa umri wa shule ya msingi na kijana mmoja, kila mmoja mara tatu kwa wiki, na msimamizi anayapitia maandishi yako. Kila mtoto ana sanduku lake la wanasesere, wanyama, magari, karatasi na kamba, na mwingine haligusi. Hilo tumelirithi kwa Melanie Klein, mmoja wa waanzilishi wa tiba hii kwa watoto, aliyehamia hapa mwaka 1926 na kushikilia kwamba mchezo wa mtoto husomwa kama maneno ya mtu mzima. Anna Freud, mtaalamu mwingine wa watoto, aliyewasili na baba yake Sigmund, mwasisi wa tiba hii ya kuongea, mwaka 1938 wakiwakimbia Wanazi wa Vienna, hakukubaliana naye, na kambi hizo mbili zilibishana mabomu yakianguka. Walimu wangu wanachota kwa wote wawili, na naona wamefanya vizuri.

Na wewe pia utakuwa na mtaalamu wako, unakwenda kuongea yako kwa miaka. Hakuna kukwepa. Usipojua ya kwako, utayaona kwa mtoto wa watu. Hapa ndipo mfuko unapotoboka, isipokuwa ukipata nafasi ya mafunzo yenye mshahara katika huduma ya afya ya umma, nazo ni chache, zinagombaniwa.

Mtu akikwambia hii ndiyo dawa pekee, mkatalie. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa hapa Uingereza uliofuatilia vijana 465 wenye sonona. Tiba hii kwa muda mfupi, tiba ya utambuzi na tabia (ile ya kubadili namna ya kufikiri na kutenda), na huduma fupi ya kisaikolojia na kijamii zote zilifuatana na nafuu, na hakuna iliyoonekana kuishinda nyingine. Mimi naipenda kwa sababu inamfaa mtoto asiyeweza kusema kinachomsumbua, lakini si kwamba wengine wanabahatisha.

Mara tatu kwa wiki kwenye zahanati yako, na foleni ile? Haiwezekani, tusidanganyane. Kutazama, hata hivyo, kunawezekana. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby, alikwenda Uganda mwaka 1954, akawa anatembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, na mkalimani wake, akiwatazama watoto na mama zao. Kitabu chake kilitoka 1967. Sehemu kubwa ya yale tunayofundishwa kuhusu mtoto na mama yake ilianzia kwenye nyumba zile, si hapa.

Kwa hiyo usijaze fomu kwanza. Tafuta familia yenye mtoto anayekaribia kuzaliwa, isiwe ya ndugu wala ya mgonjwa wako, uombe ridhaa ya mama na baba. Wavute wenzako watatu au wanne mkutane kila wiki kusoma mlichoandika. Mimi nitaomba mwalimu mmoja awe anaingia kwa video. Mwaka ukipita utajua kama unataka kuja, na ukiomba utakuwa na cha kuzungumza kwenye usaili.

Niambie mtandao wa hapo unashika saa ngapi vizuri, nipange naye. Na kama mganga mfawidhi atawaruhusu chumba.

Wako,
Mwanahawa