Ng'ombe wa Bibi

Tabata, Dar es Salaam
Februari

Mpendwa Mama Pacha,

Habari za siku nyingi, na hao wawili hawajambo? Sisi wazima, tunapambana na joto tu. Juzi uliponiuliza kama mwanangu Mangi amerudia kulala vizuri usiku nilikujibu mkato, nilikuwa nimesimama kwenye daladala na konda anadai nauli. Leo amelala tangu saa 2, nami nimekaa barazani napunga upepo. Acha nikueleze vizuri, maana Pasaka mnakwenda Lushoto, na yaliyonikuta kwa mtoto mmoja wewe yatakukuta mara mbili.

Tulikaa Kibosho kwa mama mkwe wiki 3, Krismasi na mwaka mpya. Unaijua baridi ya kule juu. Mangi alilala na sweta na soksi, kabanwa kati ya blanketi zito na mgongo wa bibi yake. Bibi anamwita "mume wangu", na huyo mume hakulala peke yake hata siku moja. Chandarua hakukiona kabisa.

Tukarudi Jumapili. Kwenye basi alisinzia Korogwe, akaamka tunaingia Chalinze. Tunashuka stendi ya Mbezi yeye kachangamka, mimi miguu imevimba. Usiku ule alilala saa 7. Nikasema ni uchovu wa safari, kesho yataisha.

Hayakuisha, mwenzangu. Kila nikimlaza anashika chandarua anakivuta mpaka msumari unachomoka ukutani, na analia kilio cha kweli, jasho linamtoka hadi nywele zinagandana. Baba yake akasema mwache alie, atachoka mwenyewe. Nilimwacha usiku mmoja. Dakika 15, nilizihesabu kwenye simu, nikasikia sauti inamkauka, nikarudi kumbeba. Sitarudia, na sioni haya kukwambia. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane, umemtoa ubavuni kwa bibi yake jana, leo unamfungia mlango akiwa gizani peke yake?

Siku ya kliniki nikamweleza nesi. Akaniuliza kitu kimoja tu: mchana analala saa ngapi? Sikujua, mchana niko kazini. Nikamwomba dada aandike kwenye daftari siku 3. Kumbe Mangi alikuwa anapitiwa na usingizi saa 9 alasiri, joto likiwa limemlegeza, anaamka saa 12 jioni. Dada alimwonea huruma kumwamsha, na simlaumu, maana usiku alikuwa anamsikia analia. Lakini mtu aliyeamka saa 12 utamlazaje saa 2? Nesi aliniambia Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale jumla ya saa 11 hadi 14, na usingizi wa mchana umo humo. Wa kwangu alikuwa anapata 10, na zimekaa vibaya.

Basi tukausogeza usingizi wa mchana. Sasa anakula mapema, saa 6 analala, saa 8 dada anafungua pazia na kumwamsha kwa upole hata kama bado anautaka. Siku 2 za kwanza jioni zilikuwa ngumu, ananuna, kila kitu anatupa. Siku ya tatu nikaona macho yanazama yenyewe saa 1 na nusu.

Hapo nikadhani nimemaliza. Usiku huohuo namvalisha nguo ya kulalia, anashuka kitandani, anachukua ndala zake, anasimama mlangoni. "Moo," ananiambia. "Moo lala."

Sikuelewa. Nikampigia mama mkwe. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe kila jioni, mimi nikiwa jikoni naosha vyombo na mawifi, yeye alikuwa anambeba na tochi wanakwenda bandani. Wanamkuta ng'ombe amejilaza anacheua, wanamwambia lala salama, ndipo wanaingia ndani. Wiki 3 nzima, na mimi mama yake sijui! Kwa Mangi usingizi ulikuwa unaanzia kwa ng'ombe. Huku tulikuwa tunamlaza kabla ya kuaga.

Nilikaa pale kitandani, simu mkononi, nikajisikia kulia. Siku zote hizo alikuwa ananiambia kwa lugha aliyonayo.

Ng'ombe Tabata nitamtoa wapi? Ila mwenye nyumba wetu ana banda la kuku wa kienyeji nyuma ya tangi la maji, na giza likiingia wote wamejipanga juu ya mti wao. Basi namwogesha maji ya uvuguvugu, anakunywa uji, tunawasha tochi ya simu tunakwenda. "Kuku lala." Anawapungia. Tunarudi, anaingia kwenye chandarua mwenyewe. Nakaa kwenye kigoda, nimepitisha mkono chini ya chandarua, anashika kidole changu kidogo. Vile vidole vyake vikilegea nahesabu mpaka 100 kabla ya kuutoa mkono. Wiki ya kwanza kigoda kiligusa kitanda, sasa kiko karibu na mlango, na anakubali kuniona tu. Umeme ukikatika feni ikazima bado anaamka, hilo sina dawa nalo zaidi ya kumpepea.

Wewe, Mama Pacha, nenda na chandarua chenu hata wakikwambia Lushoto hakuna mbu, wasije wakakisahau kama huyu wangu. Rudini Ijumaa, upate siku 2 kabla ya kazi. Na jioni acha vyombo, mfuate bibi yao uone anawapitisha wapi kabla ya kulala.

Mama mkwe kasema ng'ombe amekaribia kuzaa. Nimemwomba akizaa apige simu asubuhi, si jioni.

Wasalimie sana wapendwa wangu.

Wako,
Mama Mangi