Usikae lindo peke yako

Mwanga, Kigoma

Mwanangu,

Uliponipigia Jumapili ukasema mafunzo ya Moshi yamekwisha na umepangiwa zamu za usiku, nilisema hongera, kisha nikabaki na simu mkononi. Hongera ni ya kweli. Majirani wote wameshasikia kwamba binti yangu ni askari. Lakini usikae lindo peke yako.

Kile kitabu chako cha Ben Aaronovitch, cha polisi wa London, hukukisahau kwenye treni. Kilikuwa ndani ya sanduku langu la vitenge. Niliona mambo ya uchawi, nikasema hayalali nyumbani kwangu. Mwezi uliopita umeme ulikatika siku mbili, nikakitoa, nikasoma kwa taa ya sola, kamusi pembeni. Sikulala.

Peter Grant ni konstebo mchanga kama wewe. Usiku wa baridi anaachwa alinde mahali alipouawa mtu, pale Covent Garden, mwenzake Lesley kaenda kutafuta kahawa. Hapo hapo anatokewa na shahidi, na shahidi mwenyewe ni mzimu! Nimempenda, maana hakimbii, anamhoji kipolisi. Na yule Mama Thames, katoka Nijeria kusomea unesi, akaishia kuumiliki mto Thames, ambao mwenyewe wa zamani, Baba Thames, aliukimbia pale mjini mwaka 1858, uliponuka maji taka. Nikamkumbuka bibi yako, alivyokuwa akisema Malagarasi nao una mwenyewe, usichote maji jioni bila kupiga hodi. Nilimkataza asikusimulie. Labda ningemwacha.

Ila Lesley, mwanangu! Binti hodari kumshinda Peter, tazama uso wake ulivyoharibiwa. Wewe nawe ni hodari, na una kiburi cha baba yako, kuomba msaada hutaki. Mwenzako akisema anakwenda kununua chai, utamwambia nenda. Usimwambie nenda. Mwambie chai itasubiri.

Dagaa wa Kibirizi wamepanda bei, nimekuwekea migebuka mikavu na mawese lita 3. Paa la jikoni linavuja bado. Mbuzi amezaa mapacha.

Kitabu cha pili cha huyo Peter nasikia kina wanamuziki wa jazi. Kama unacho, nitumie, nitakitunza. Na uliza leo leo umepangwa lindo na nani, unijibu kabla ya Ijumaa.

Mama yako