Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula wa Pili na Mradi wa Likizo

Kwa wazazi na walezi wa Gredi ya 7 na 8,

Hamjambo? Tumefunga muhula salama. Ripoti ya mtoto imo mkobani mwake. Mwambieni aitoe, maana nyingine hupotea njiani. Wenye salio la pesa za chakula wamwone karani kabla ya kufungua.

Jambo kubwa leo ni simu zenu.

Muhula huu Gredi ya 8 waliulizwa idadi ya Wakenya. Wengi wakaandika milioni 38.6, ambayo ni hesabu ya sensa ya 2009. Ile ya 2019 ilipata milioni 47.6. Si uvivu. Walinakili ukurasa wa kwanza uliojitokeza mtandaoni, nao haukuwa na tarehe. Jibu lilikuwa bure kwenye tovuti ya KNBS, shirika la takwimu la taifa, tena limechambuliwa hadi kata ndogo. Mwanafunzi mmoja aliyefika huko alisoma idadi ya watu wa kwetu, na darasa zima likaanza kubishana. Ubishi wa namna hiyo naupenda.

Kwa hiyo likizo hii kila mmoja atafanya utafiti kuhusu jambo la mtaani kwao: maji, mvua, soko, wadudu wa mahindi. Atumie vyanzo visivyopungua viwili, na kila kimoja aandike nani amekitoa na mwaka gani. Masomo ya darasani yamo kwenye Kenya Education Cloud, tovuti ya KICD, taasisi inayotunga mitaala. Ya kilimo atafute KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo. Wikipedia ni ruhusa kuanzia, mradi ashuke chini ya ukurasa aone habari ilitoka wapi. JSTOR na Google Scholar simsukumi huko mtoto wa miaka 13: makala nyingi ni za wasomi wa chuo kikuu, na nyingine hazifunguki bila malipo. Akili unde (AI) imsaidie kupata maneno ya kutafutia, isimwandikie kazi. Programu hizo hutaja hata vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa.

Msione ni mchezo. Tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho wa Gredi ya 9.

Naomba mumpe simu jioni mbili kwa wiki, akae sebuleni mnapomwona. Kusoma maandishi hakuli bando sana. Video ndizo zinazolimaliza. Tovuti ikidai malipo au PIN ya M-Pesa, aifunge na kuwaita. Asiye na simu aje chumba cha tarakilishi Jumanne na Alhamisi asubuhi, wiki mbili za kwanza, au aende maktaba ya KNLS iliyo karibu.

Mradi uletwe siku ya kufungua, umeandikwa kwa mkono wa mwanafunzi. Uliochapishwa saiba hatutaupokea.

Wenu,
Mwalimu Mkuu