Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: wafundisheni watoto Amin alipewaje jeshi

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Missenyi. Nakuandikia kama mzazi, kuhusu jinsi Vita vya Kagera, vita vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, vinavyosimuliwa kwa watoto wetu. Wanajua kwamba Idi Amin alivuka mpaka Oktoba 1978, wanajua habari za daraja la Kyaka, na wengi wanaigiza vizuri sauti ya Mwalimu Nyerere: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Ukiwauliza Amin alifikaje Ikulu ya Uganda, watakujibu alikuwa mwendawazimu, kisha watacheka.

Mimi jibu hilo linanitia hofu. Mwendawazimu hajipi jeshi. Amin alipewa, na waliompa walikuwa na akili zao timamu.

Waingereza walimwingiza KAR, jeshi lao la kikoloni Afrika Mashariki, mwaka 1946 na kumpandisha cheo hadi akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kufanywa maofisa, mwaka 1961. Mwaka uliofuata kikosi chake kilituhumiwa kuwatesa na kuwaua Waturkana wa kaskazini mwa Kenya katika msako wa wezi wa mifugo. Gavana wa Uganda, Coutts, alitaka ushauri wa Milton Obote, Waziri Mkuu. Uhuru ulikuwa mlangoni. Kumshtaki ofisa mweusi wakati ule kungeleta aibu. Amin akaonywa tu, akarudi kazini.

Hapo ndipo ningependa mwalimu asimame na darasa lake kwa kipindi kizima. Na akitoka hapo aende 1966. Bunge lilitaka Amin asimamishwe kazi na achunguzwe kwa tuhuma za dhahabu na fedha za Kongo. Obote aliwakamata mawaziri wake watano wakiwa kikaoni, akasimamisha katiba, na Amin, badala ya kuchunguzwa, akakabidhiwa jeshi. Mwezi Mei jeshi hilo likashambulia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Mengo. Miaka mitano baadaye, tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alimpindua bosi wake. Watu wa Kampala walijaa barabarani wakishangilia. Uingereza haikukawia kumtambua. Mwalimu Nyerere alikataa.

Mheshimiwa, usiruke kwenye shangwe hiyo. Amin alisema yeye ni askari tu, si mwanasiasa, na kwamba uchaguzi utafanyika. Aliwafungulia wafungwa wa kisiasa wa Obote, akiwemo Benedicto Kiwanuka, akamfanya Jaji Mkuu. Wakati huohuo alitoa amri iliyowapa wanajeshi mamlaka ya kukamata raia. Septemba 1972 Kiwanuka aliamuru Mwingereza mmoja aliyekuwa amezuiliwa aachiwe. Wanajeshi wakamfuata Kiwanuka Mahakama Kuu, wakamchukua, na hakurudi. Nikiambiwa nichague habari moja tu ya kumweleza mtoto udikteta ni nini, nitachagua hii, kabla ya Waasia waliopewa siku 90 waondoke Uganda, kabla hata ya Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa 1977.

Na tusijifiche. Siku chache kabla Kiwanuka hajakamatwa, wapiganaji wa Obote, aliyekuwa amekimbilia Tanzania, walivuka kutoka ardhi yetu kwenda kumng'oa Amin, wakashindwa, na ndege za Amin zikapiga mabomu Bukoba na Mwanza. Sisi wa huku vita yetu haikuanzia 1978. Mtoto wa sekondari anaweza kabisa kubeba habari hiyo bila kuvunjika uzalendo wake.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limekwishaanzishwa. Ndani yake wekeni miaka ya 1962, 1966 na 1972 sambamba na 1978. Mtihani nao umuulize mwanafunzi nani alikuwa na uwezo wa kumzuia Amin na kwa nini hakufanya hivyo, badala ya kuuliza tarehe ya kuanguka Kampala peke yake. Pia tumeni walimu na wanafunzi Mutukula, Kyaka na vijiji vya jirani wakawarekodi wazee waliokimbia makwao. Wenyeviti wa vijiji wanawajua kwa majina na watawapeleka nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ifanyike mwaka huu, maana wazee wenyewe wanapungua, na sauti zao ziwahi kabla vitabu havijachapishwa tena.

Wako,
Mzazi, Missenyi, Kagera