Kitenzi "restore" hakiishii kwenye "rejesha"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyowafundisha wanafunzi wa sekondari kitenzi cha Kiingereza "restore". Katika madaftari mengi kimeandikiwa neno moja tu, "rejesha", na somo huishia hapo, ilhali historia yake ndiyo inayofafanua matumizi yake.

Waingereza walikipata kutoka Kifaransa cha kale, katika karne zilizofuata mwaka 1066, Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoivamia Uingereza, na Wafaransa nao walikirithi kutoka kitenzi cha Kilatini "restaurare", chenye maana ya kujenga upya au kukarabati kilichobomoka. Maana ya msingi, basi, ni kukifanya kitu kisimame tena kikiwa na nguvu zake za awali. Kumrudishia mtu mali yake ni tawi tu la maana hiyo. Ndiyo sababu huko Paris, katika karne ya 18, supu nzito ya nyama iliyouzwa kwa watu waliodhoofika iliitwa "restaurant", yaani yenye kurudisha nguvu, kisha jina likahama kutoka kwenye bakuli likaishika nyumba iliyouza supu hiyo. Hata stoo tunamohifadhia magunia ya mahindi ina undugu na kitenzi hiki, kwani "store" ya Waingereza imetokana na "instaurare", kitenzi cha Kilatini cha shina hilohilo.

Wasomaji wa Biblia wanao ushahidi mkononi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia "restore" katika Zaburi ya 23 na pia katika Yoeli 2:25. Ya Kiswahili, Union Version, inasema "Hunihuisha nafsi yangu" katika zaburi hiyo, lakini kwa Yoeli, panapoahidiwa miaka iliyoliwa na nzige, inatumia "rudisha". Mwanafunzi aliyekaririshwa "rejesha" pekee ataijuaje tofauti hiyo, ambayo lugha yake mwenyewe inaieleza kwa ufasaha mkubwa?

Nawaomba waandaaji wa kamusi za shule waanze na maana ya kujenga upya, ndipo wafuatishe "huisha", "karabati", "rudisha" na "rejesha", kila kimoja na sentensi yake.

Wako,
Mwalimu wa Kiingereza,
Morogoro