Muache Salma akukatalie

Shoga angu Mwanaidi,

Salamu kwanza maana nikianza maneno najua nitazisahau. Huku wazima, mama anakusalimia na anauliza ule ubani wa Tanga ulioahidi uko wapi, mi simo, umjibu mwenyewe.

Haya. Ile PDF ya riwaya yako nimeisoma yote, nimeisomea kwenye daladala, nimeisomea jikoni mpaka maharage yakashika chini, na usiku mume wangu akaniuliza we unachati na nani saa hizi nikamwambia nachati na Salma, staringi wako. Kwa iyo kwanza hongera, sikutanii, watu wengi wanaandika hizi stori za mapenzi na taharuki lakini mtu ukifika sura ya tatu unajua kila kitu hadi jina la mtoto wa kwanza. Ya kwako mpaka sasa sijui zile barua anaandika nani na inaniuma.

Sasa ile sura ya tisa. Salma kaingia godauni kule bandarini usiku, peke yake, anatafuta namba ya kontena la yule mzee, simu imebaki asilimia mbili, taa zinazimwa, anasikia mtu anahema nyuma ya magunia. Yaani nilikuwa nimeshika roho mkononi. Nafungua ukurasa wa pili, nani huyu, Farid mpenzi wake na tochi! Gari liko nje linaunguruma! Mwanaidi, sura ya nne Farid katokea kwenye ngazi za hospitali, sura ya sita kwenye pantoni ya Kigamboni, sasa godauni. Huyu mwanaume analala saa ngapi? Ana kazi kweli? Na Salma anatoka humo ndani hijabu haijakaa hata upande, viatu safi, machozi mawili tu ya kupendeza.

Najua staringi hafi, sawa, sote tumekua na hiyo. Lakini kuna kutokufa na kuna kutokuguswa, na wewe Salma hutaki aguswe. Uliniambia kwenye ile voisi noti kwamba Salma ndo wewe ungekuwa na ujasiri, na kwamba unaogopa watu watajua. Mi nadhani tatizo si kwamba ni wewe, tatizo unamuogopea. Umeshampangia mchumba, umempangia harusi, nina hakika hata rangi ya sare ya mashosti unayo, na yeye hujamuuliza.

Ngoja nikupe stori ya mwandishi mmoja Mwingereza, Dorothy L. Sayers, nimekuwa namfikiria tangu nimalize sura zako. Huyu mama alisoma Oxford chuo cha Somerville enzi ambazo mwanamke unafanya mitihani unafaulu lakini digrii hupewi, yeye alimaliza 1915 digrii akaja kupewa 1920. Alikuwa na mpelelezi wake kwenye vitabu, Lord Peter Wimsey, tajiri, mtoto wa kishua, anavaa kioo cha jicho moja, maneno mengi. Kaanza naye 1923 na ikafika mahali akamchoka, akasema ngoja nimuozeshe nimalizane naye. Ndo 1930 akaandika Strong Poison, humo akamuingiza Harriet Vane, mwanamke mwandishi wa riwaya za upelelezi, yuko kizimbani, anashtakiwa kumuua kwa arseniki mwanaume aliyekuwa anaishi naye bila ndoa. Wimsey anakwenda kusikiliza kesi, anamuona, anampenda hapohapo, anamtafuta muuaji wa kweli, anamtoa kwenye kitanzi. Si unaona? Farid kabisa. Ilibaki ndoa tu.

Ikagoma! Sayers mwenyewe baadae alieleza kwenye makala yake kwamba alifika pale mwisho akaona hawezi kumfanya Harriet aseme ndiyo, ingekuwa aibu kwa wote wawili. Fikiria mtu kakuokoa shingo, mji mzima unajua, wewe umetoka jela juzi, jina lako limechafuka magazetini, alafu anakuambia nataka nikuoe. Hiyo ndiyo yako ni ya mapenzi au ni ya kulipa deni? Harriet akakataa. Na mwandishi aliyekuwa anataka kufunga duka akajikuta ana kazi ya miaka mitano, mpaka 1935 kwenye Gaudy Night ndo Harriet akakubali, na ili akubali ilibidi Sayers amjenge Wimsey upya, amvue ule umashuhuri, ampe woga na umri, na Harriet naye apewe mahali pa kusimama kwa miguu yake, kazi yake, akili yake, chuo cha wanawake ambako kuna mtu anasambaza barua za matusi na yeye ndo kaitwa kuchunguza.

Na hapa ndo nataka usome taratibu. Wimsey anajua kule chuoni pana hatari. Hamwambii toka. Hamwambii nakuja. Anamuandikia kwamba hana haki ya kumuingilia, na akishaanza kazi hatarajii aache kwa sababu ya hatari. Anamuonyesha jinsi ya kujinasua mtu akikukaba kwa nyuma, alafu anakwenda kumnunulia mkanda mzito wa mbwa, wa ngozi, una vishikizo vya shaba, avae shingoni asije akanyongwa! Mi hiyo sehemu nilicheka alafu nikanyamaza. Maana hakuna ua hapo, hakuna tochi, kuna mwanaume anayempa mwanamke kitu cha kujikinga alafu anamuacha aende. Na mwisho akimuomba ndoa anamuomba kwa Kilatini, kwa yale maneno rasmi ya chuo kikuu, kama msomi anavyomuuliza msomi mwenzie, na Harriet anajibu kwa neno moja hukohuko kwenye Kilatini. Kitabu kizima kinakwenda kwenye hilo neno moja, na limenikamata kuliko mabusu yote ya sura yako ya saba (nisamehe).

Na usidhani Sayers alikuwa mbali na Harriet. Alishampenda mwandishi mmoja, John Cournos, jamaa akamwambia haamini mambo ya ndoa, wakaachana, akaenda zake Marekani na huko akaoa. Sasa rudi kwa yule marehemu wa Harriet kwenye kitabu, naye alisema haamini ndoa, mpaka Harriet alipokubali kuishi naye ndo akamgeukia kwamba haya umefaulu mtihani sasa nakuoa, na Harriet kwa hasira akamuacha. Unaona alivyochukua la kwake akaligeuza kidogo, na mwanaume kwenye kitabu kafa kwa sumu, sitasema kitu. Lakini hakulitumia kumfanya Harriet malaika. Harriet ana kisirani, ana kiburi, anamjibu Wimsey vibaya siku ambayo hastahili, anaona aibu kwa mambo ambayo si kosa lake. Mwandishi alimuachia hayo yote.

Alafu yupo Daphne du Maurier, mwandishi mwingine Mwingereza, huyu unamjua kwa ile filamu ya Rebecca. Riwaya yenyewe aliianza akiwa Alexandria mwaka 1937, mumewe ofisa wa jeshi la Uingereza kapangiwa Misri, joto, hafla za wake za maofisa ambazo hakuzipenda kabisa, moyo wote uko Cornwall huko Uingereza. Na kulikuwa na mwanamke, mchumba wa zamani wa mumewe, Jan Ricardo, barua zake zina ile R kubwa ya majivuno mwisho, na Daphne alikuwa na wivu nazo. Ndo hiyo R ikaingia kwenye kitabu. Yule binti anayesimulia, aliyeolewa baada ya mke wa kwanza Rebecca kufa, anaikuta kwenye kitabu cha mashairi, maandishi ya huyo marehemu, anaukata ule ukurasa anauchana anauchoma kwenye kapu la taka, na herufi ya mwisho kuungua ni ile R, inajikunja kwenye moto inakuwa kubwa zaidi. Wivu gani huo jamani.

Sasa huyu binti mwandishi hajampa hata jina! Kitabu kizima, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Du Maurier alisema mwanzoni alikosa tu jina la kumpa, baadae akaona ni mtihani mtamu wa kiufundi, na kwa vile binti anasimulia mwenyewe ikawezekana. Angalia alivyomfanyia kwenye ile dansi ya mavazi. Mrs Danvers, msimamizi wa nyumba, anamshauri ashone gauni la kwenye ile picha ya ukutani, binti wa watu anafurahi, anaficha sapraizi, anashuka ngazi na ngoma inapigwa, na mume anageuka mweupe kwa hasira maana kwenye dansi iliyopita Rebecca alivaa gauni hilohilo. Hakuna Farid wa kumwahi pale kwenye ngazi. Mwandishi kamsimamisha mbele ya wageni akamuacha.

Na kuna zaidi (ruka hapa kama hujamaliza kitabu). Mume anapokiri kwamba alimpiga risasi Rebecca, yule binti anasikia moja tu, kwamba hakumpenda. Basi. Anafurahi! Mtu kauliwa, na msichana wetu mpole mwenye haya moyo unamruka kwa furaha. Hiyo ndo inanitia baridi kila nikisoma, na ndo maana kitabu cha 1938 bado kinasomwa, mwandishi alithubutu kumuacha mhusika wake awe na kitu kibaya ndani na hakuomba radhi. Hollywood walipotengeneza filamu 1940 wakageuza, Rebecca akawa kaanguka mwenyewe akajigonga, maana kanuni za maadili za wakati ule hazikuruhusu mume aue mke alafu aishi raha mustarehe. Wote wakatoka safi kwenye filamu, na ndo pale ninapoiona imepungua.

Charlotte Brontë hata sikuongezei mengi, unajua inasemekana aliwaambia wadogo zake kwamba atawaonyesha mhusika asiye mzuri wa sura na mfupi kama yeye, akaandika Jane Eyre. Ila akawa anasisitiza, mimi ni hapo tu, zaidi ya hapo Jane si mimi. Jibu la swali lako la voisi noti hilo hapo, chukua.

Huku kwetu lakini tumelelewa vingine, nakuelewa. Sisi tumekua na wapelelezi wa kwenye riwaya, Willy Gamba wa Elvis Musiba, na Joram Kiango wa marehemu Ben Mtobwa, tukigombania kitabu kimoja darasa zima mpaka kava linatoka. Nuru, mwanamke wa Joram, anakwenda naye kwenye hatari, sawa, tulimpenda wote, lakini stori ni ya Joram. Nahisi wewe umechukua hilo gari hilohilo ukamkalisha Salma mbele kwa kava na jina, lakini usukani bado kashika Farid.

Sasa usinielewe vibaya ukaenda kumtesa. Kuna hao wengine nao, mwanamke anapigwa, anatekwa, anadhalilishwa sura kumi mfululizo ili msomaji alie na mwanaume apate cha kulipiza. Huo si ujasiri wa mwandishi, mwanamke bado hajafanya kitu.

Godauni nakushauri hivi. Farid muache kwenye foleni ya barabara ya Mandela, malori yamejaa, honi hazisaidii. Yule anayehema nyuma ya magunia, wewe mwenyewe sura ya tatu umeandika kwamba Salma zamu ya usiku alimhudumia mlinzi mmoja mwenye pumu. Nesi anaijua ile filimbi ya kifuani hata gizani! Amtambue kwa pumzi yake. Amuite kwa jina. Alafu amdanganye, na uongo uwe mbaya, uongo ambao kesho yake akimkumbuka yule baba ataona haya, na atoke na namba ya kontena kwa sababu ya huo uongo. Mary Stewart alifanya kama hivyo kwenye riwaya yake ya kwanza 1955, Madam, Will You Talk?, mwanamke mjane anafukuzwa na gari kwenye barabara za kusini mwa Ufaransa na mwanaume ambaye hajui kama ni muuaji ama la, na anakimbiza gari mwenyewe kama shetani maana marehemu mumewe alimfundisha. Msomaji hashtuki anasema hii imetoka wapi, imeshapandwa.

Farid akifika amkute kakaa nje kwenye ukingo wa barabara, kachafuka, na hataki kupanda gari. Hebu jaribu hilo, uone Salma atasema nini. Mi nadhani atakuwa na hasira naye na sijui kwa nini, wewe ndo utajua ukiandika.

Na harusi ya sura ya ishirini usiifute, iweke pembeni tu kwanza.

Sura ya kumi nitumie hata kama haijakaa vizuri, nitumie usiku maana mchana bando langu linakwenda kwa watoto. Na niambie jambo moja tu sitamwambia mtu, mke wa kwanza wa Farid, yule wa kwenye picha, ni kweli kafa? Mana zile barua mwandiko wake umeuelezea mara mbili na sidhani kama ni bahati mbaya.

Wako,
Zuhura