Barua ya kufunga Muhula wa Pili: vibao vya mpira ambavyo watoto wanawaletea

Wazazi na walezi wapendwa,

Salaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Muhula wa Pili umekwisha salama. Kadi ya ripoti na tarehe ya kufungua zimo kwenye bahasha aliyobeba mtoto. Wenye salio la karo, karibuni ofisini tuzungumze mmoja mmoja. Barua hii nimeiandika kwa ajili ya jambo lingine: kile kipande cha mpira kilichochongwa picha ya mmea wenye sumu, kimechafuka wino mweusi, ambacho watoto wa darasa la tano na la sita wanakuja nacho nyumbani. Tafadhali msikitupe.

Mnakumbuka kwamba muhula wa kwanza mtoto wetu wa darasa la pili alitafuna mbegu za mbarika nyuma ya jiko la shule. Alitapika usiku kucha, akalazwa, na kwa neema ya Mungu akapona. Mbegu hizo zinavutia, zina madoadoa kama yai la ndege. Ganda lake ni gumu, hivyo ikimezwa nzima mara nyingi hupita bila madhara. Ikitafunwa, sumu yake iitwayo risini hutoka. Mmea ule nilikuwa nikiupita kila asubuhi nikienda kukagua jiko. Kosa lilikuwa langu, na wazazi wake nimewaomba radhi.

Tuliung'oa. Lakini mbarika ni mmea wa asili wa upande huu wa Afrika, na hapa kwetu Arua, Uganda, huota kwenye jalala lolote. Hatuwezi kuumaliza. Ndipo mwalimu wa sanaa akaniambia: basi watoto wauchonge, mpaka waujue kama wanavyojua sura ya shangazi yao.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtoto anachora jani juu ya mpira, kisha anachimba kila pahali asipotaka wino. Palipoinuka ndipo panaposhika wino, palipochimbwa panabaki peupe. Wenye uwezo hutumia lino, kibao laini cha dukani cha kuchongea; sisi tulitumia soli za kandambili zilizokatika na tyubu za lori zilizogandishwa kwenye ubao. Patasi zetu ni mbavu za miavuli iliyovunjika, maana ubavu wa mwavuli una mfereji, ukinolewa ncha unachimba mstari safi kabisa. Mashine ya kuchapia hatuna, kwa hiyo karatasi inalazwa juu ya kibao na kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko. Ikiinuliwa, picha imegeuka kama kwenye kioo. Kila mara darasa zima lilipiga kelele, na sikuwanyamazisha.

Hakuna mtoto aliyeshika mmea wowote. Mwalimu alikata matawi akiwa amevaa glavu, akayafunga ndani ya mifuko inayoonyesha, watoto wakachora kwa kutazama tu. Mnyaa, ule mmea wa uzio wenye maziwa, hatukuuleta darasani kabisa. Waliuchora wakiwa mbali na uzio, kwa sababu maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kupofusha.

Sasa niwaambie kilichonigusa. Msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa akichonga mbarika, akaacha patasi na kusema, "Mwalimu, hili si kama la sombe," yaani mboga ya majani ya mhogo. Jani la mbarika na la mhogo yote mawili yamefunguka kama vidole vya mkono, na mtoto mdogo anayetumwa kuchuma sombe anaweza kuchanganya. Lakini ukingo wa jani la mhogo ni laini, na wa mbarika una meno kama msumeno. Alikuwa ameyachonga meno hayo moja moja kwa siku mbili. Nimefundisha miaka mingi, na somo hili sijawahi kuliona likiingia kwa mtoto namna ile.

Wengine walichagua mranaha, wenye ua jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba. Huo naomba muutazame sana mashambani, kwa sababu mbegu zake huchanganyika na mavuno. Mwaka 2019 karibu watu 300 waliugua Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, na 5 wakafariki, baada ya kula chakula kilichokuwa na sumu ya mimea ya namna hiyo. Watoto walipochapa mranaha tuliwasimulia habari hiyo, na wakanyamaza wenyewe.

Na kuna watoto wanne waliochonga tumbaku. Najua tumbaku ndiyo imelipa karo ya wengi hapa shuleni, na siwalaumu hata kidogo. Ila nikotini hupita kwenye ngozi, hasa jani likiwa na umande au mvua, na mtoto anayebeba mzigo wa majani mabichi begani hupata kizunguzungu na kutapika. Likizo hii ndiyo wakati wa kusaidia shambani. Nawasihi, majani mabichi wasiyabebe watoto.

Mtoto akitafuna mbegu au jani msilolijua, msisubiri aanze kuumwa; sumu ya mbarika huchelewa saa kadhaa. Mpelekeni hospitali mara moja, na mbebe tawi la mmea wenyewe ndani ya mfuko, au hata ile chapa yake, ili mganga ajue anapambana na nini.

Chapa nzuri kuliko zote, ya mranaha, tumeichapa juu ya kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mtuba tuliyoletewa kutoka Buganda. Rangi yake ya udongo imelibeba ua lile kwa namna ambayo karatasi haikuweza. Iko ukutani ofisini kwangu, njooni muione.

Muhula wa Tatu darasa la nne nao wataanza. Tukifungua, kila mtoto aje na kandambili moja mbovu au kipande cha tyubu, na mwenye mwavuli uliovunjika tunauhitaji.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu